Mkurugenzi Si Mgonjwa

Ukiingia katika taasisi yetu ya utafiti wa ubongo, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni bango. Limetundikwa ukutani pale mapokezi, refu kama mlango, na limeandikwa kwa herufi nyekundu: "Dalili Kumi za Mwanzo za Ugonjwa wa Kusahau." Dalili ya kwanza, mgonjwa hurudia swali lililokwisha kujibiwa. Ya pili, huweka vitu mahali pasipo pake. Ya tatu, hupotewa na majina ya vitu anavyovitumia kila siku. Zinateremka hivyo mpaka ya kumi, na chini ya ya kumi ipo picha ya Profesa, mkurugenzi wetu, amekunja mikono kifuani, anatabasamu. Aliyelipanga bango lile hakuwa na nia mbaya.

Mimi kazi yangu iko chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. Wananiita Mama Barafu kwa sababu ninatunza mafriji sita yenye baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, na ndani yake mna bongo za watu mia mbili na ushei, waliozitoa kwa hiari yao kabla ya kufa. Nakata vipande, nasaga, nachuja, natoa RNA, napeleka juu. Huko juu wanaisoma kwa mashine, wanabishana, wanaandika makala. Jina langu hutokea mwisho wa makala, kwenye shukrani, baada ya fundi jenereta.

Profesa ndiye aliyenifundisha kazi. Miaka kumi na tisa iliyopita alishuka mwenyewe, akapindua ndoo akaikalia, akanieleza tunachokitafuta.

"RNA ni nakala," aliniambia. "Kitabu kikuu kimefungiwa ndani ya kiini cha seli, hakitoki. Kinachotoka ni nakala zake. Sasa, nakala nyingine hujikunja zikafanana na za virusi. Seli yenye afya inalijua hilo, kwa hiyo hubadilisha herufi mojamoja humo ndani, kama mama anayeshona alama kwenye sare ya mwanawe isichanganyike na za wenzake. Walinzi wa kinga wakiiona alama, wanatulia. Katika hizi bongo zilizougua, naona alama zimepungua. Mlinzi anakutana na nakala ya nyumbani, anadhani adui ameingia, anapiga king'ora. Wenzake wanakuja mbio, wanavunja vyombo, wanachoma mapazia. Na virusi hakuna."

Nikamuuliza kama hilo ndilo linaloleta ugonjwa, au ugonjwa ndio unaoleta hilo.

"Sijui," akasema. "Na ukimsikia mtu anakwambia yeye anajua, shika mfuko wako."

Huyo ndiye mtu aliyeharibikiwa mbele ya macho yetu, sisi watu sitini tunaokula mishahara kwa kusomea kusahau.

Ilianza kidogokidogo. Asubuhi moja alishuka akaniomba "kile, kile cha kunyonyea." Nikampa pipeti. Wiki mbili baadaye nilifungua friji la tatu nikakuta funguo za gari lake, zimeganda barafu, zimelala kati ya ubongo wa fundi cherehani na ubongo wa hakimu. Nikazipeleka juu kwa Naibu Mkurugenzi, bwana mmoja mrefu ambaye kwa miaka minane hajawahi kuwa na maoni ambayo Profesa hakuwa nayo kwanza. Akazipokea kwa leso, akacheka.

"Mama Barafu, watu wenye akili kubwa hawana nafasi ya mambo madogo."

Kisha kikaja kikao cha Jumatatu. Profesa alitusimulia kisa cha mwanafunzi wake wa zamani aliyeonyeshwa ubongo kwa mara ya kwanza, akazimia, akatumbukia makalio kwanza kwenye pipa la taka. Tukacheka. Zikapita dakika ishirini, tukiwa tunajadili mambo ya vifaa, Profesa akainua kidole akakisimulia tena, kuanzia mwanzo. Tukacheka tena. Mara ya pili tulicheka zaidi, maana sasa tulijua pa kuchekea. Mtaalamu wa takwimu alifuta machozi. Nikatazama meza nzima. Walikuwepo madaktari watatu wa kumbukumbu na wanasaikolojia wawili wa wazee, watu ambao wakikuona tu umekaa vibaya wanakupima kumbukumbu, wanakuomba uchore saa na kutaja wanyama kwa dakika moja. Wote meno nje. Wala usinihesabu mimi miongoni mwa watakatifu, nami nilicheka mara mbili.

Tangu siku hiyo kujitia hamnazo kukawa kazi ya ofisi. Katibu muhtasi alianza kuandika tarehe ya leo kwa herufi nene juu ya kila karatasi ya Profesa. Barua pepe aliyoituma mara mbili ilijibiwa mara mbili, tena kwa maneno tofauti ili isionekane. Naibu akahamia kiti cha kushoto kwake, akawa anamnong'oneza majina ya watu waliokuwa wakiingia. Siku moja Profesa alipotea kati ya ofisi yake na choo, ukumbi wa hatua kumi na mbili, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi. Naibu akawatangazia watafiti vijana kwamba Profesa hupenda kutembea anapofikiri. Wiki iliyofuata niliwakuta wanne ukumbini, mikono nyuma, wanafikiri.

Sababu ilikuwa wazi. Baada ya miezi mitatu wangekuja wageni wa tathmini, wanasayansi wa nje, kuamua kama taasisi itaendelea kuhesabiwa miongoni mwa vituo vikuu au itashushwa. Wageni wakishaondoka, Naibu alisema, Profesa atastaafu kwa heshima zote. Kiti kitakachobaki wazi alikuwa amekwisha kukipima kwa macho.

Siku moja mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, nilisimama mbele ya bango nikahesabu kwa vidole. Saba kati ya kumi. Nikapanda ngazi hadi kwa Naibu.

"Profesa anaumwa," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Bango."

Akafunga mlango. "Sikiliza, dada yangu. Uchunguzi unafanywa kwa wagonjwa. Mkurugenzi si mgonjwa, ni mkurugenzi."

"Angekuwa mzee wa mtaani kaletwa na binti yake, ungesemaje?"

"Ningemwandikia vipimo siku hiyohiyo. Lakini yule angekuja na binti yake. Huyu kaja na nani?" Akafungua mlango tena. "Wewe angalia mafriji yako yasipate joto."

Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Nikashuka.

Siku chache baadaye tukaitwa kwenye kikao cha matokeo. Mwaka ule tulikuwa tumeanza kupima pia watu walio hai. Vichupa sitini vya maji ya uti wa mgongo vilikuwa vimetoka hospitali nyingine, kila kimoja na namba na umri tu, bila jina, ili mtu asijue anampima nani. Mimi ndiye niliyevipokea na kuvihifadhi. Mtaalamu wa takwimu akawasha projekta, na hapo ukutani, juu ya vitone vingine vyote, peke yake kama kishada kilichokatika uzi, kikaonekana kitone cha namba arobaini na moja. Alama kwenye RNA zimepungua kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Kemikali za king'ora ziko juu kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

"Huyu ni lulu," Naibu akasema, akisugua viganja. "Nadharia yetu nzima iko ndani ya mtu mmoja. Wageni wakija, slaidi ya kwanza ni huyu."

"Ubongo wake nao ungetufaa," mwingine akasema. "Sijui kama ametia saini."

"Tumwombee afya," mtaalamu wa takwimu akasema, "lakini tusimwombee sana."

Wakacheka. Profesa alikuwa kichwani mwa meza, anakitazama kitone kile.

"Mzuri kweli," akasema. Kisha akauliza, "Ana miaka mingapi?"

"Sitini na sita, Profesa."

"Bado kijana."

"Kama wewe mwenyewe, Profesa," Naibu akasema, naye akapata kicheko chake.

Jumamosi ile nilitumwa nyumbani kwa Profesa na karatasi za kutia saini. Yeye alikuwa amelala. Aliyenifungulia ni mkewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akanipitisha jikoni. Kila mlango wa kabati ulikuwa na karatasi iliyobandikwa: Vikombe. Sukari. Dawa za asubuhi. Mlango wa nyuma uliandikwa: Huku ni nje. Mwalimu aliniona ninavyosoma.

"Umekaa dakika mbili umeziona," akasema. "Wenzako huja hapa kila mwisho wa mwezi. Madaktari watupu. Wanakula, wananisifia mapishi, wanaingia humu kuchukua maji, wanasoma 'Vikombe', wanachukua kikombe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Mmoja aliniambia anapenda nyumba yenye mpangilio."

"Mama, tuliona. Tuliogopa tu."

"Mlimwogopa yeye, au mlijiogopea?"

Akaibana kwa kidole karatasi ya Sukari iliyokuwa imeanza kubanduka.

"Yeye anajua," akaendelea. "Alijua kabla yangu. Alipoona anaanza kuandika majina yenu kwenye kiganja, alikwenda hospitali ile nyingine, akajaza fomu kama mtu mwingine yeyote, akainama wakamchoma sindano ya mgongo. Daktari wa kule anamjua, na anaendelea kumtibu. Aliniambia, 'Mwalimu, ofisini hakuna anayethubutu kunipima usoni. Basi na wanipime kwenye kichupa.' Ndiye arobaini na moja."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikumbuka viganja vya Naibu vikisuguana, na ule utani wa kumwombea afya. Nikamweleza Mwalimu kila kilichosemwa kikaoni, sikuficha neno, nikitegemea atalia.

"Aliniambia," akasema. "Alirudi siku hiyo akakaa hapo ulipokaa, akasema, 'Nimekuwa lulu.' Akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akauliza chakula kiko wapi, na alikuwa amekwisha kula."

Nikamuuliza tufanye nini.

"Wewe usifanye kitu. Anataka kusema mwenyewe siku ya wageni. Ninachokuomba, ukae kiti cha mbele, karibu yangu. Akipotea, mtu amrudishe njiani, wala asimrudishe kwa kumdanganya."

Siku ya wageni ikafika. Ukumbi ulipigwa deki mara mbili. Wageni walikuwa watano, wamekaa safu ya kwanza na madaftari yao, nasi tumejipanga nyuma yao kama wanafunzi siku ya mkaguzi, ila mimi na Mwalimu tuliokaa mwisho wa safu yao. Mpango wa Naibu ulikuwa hivi: Profesa asome makaribisho ya dakika tatu, yaliyochapwa kwa herufi kubwa, apigiwe makofi, aketishwe. Baada ya hapo Naibu angechukua usukani mpaka mwisho.

Profesa akasoma makaribisho bila kukosea. Makofi yakapigwa. Akarudi kwenye kiti chake kando ya jukwaa, na Naibu akaiweka slaidi ya kwanza.

"Mabibi na mabwana," akaanza, "huyu mnayemwona hapa juu, namba arobaini na moja, ni mgonjwa wa pekee sana. Angalieni kinga ya ubongo wake ilivyoamka. Angalieni RNA yake. Hatumjui ni nani, na pengine hatutamjua kamwe, lakini..."

"Ni mimi," Profesa akasema.

Hakupaza sauti. Naibu akatabasamu, akawageukia wageni.

"Profesa ana maana kwamba, kwa namna fulani, ugonjwa huu ni wetu sisi sote..."

"Sina maana ya sisi sote. Nina maana ya mimi." Akainuka, akaja mpaka mbele ya projekta, kitone chake kikamwangukia kwenye paji la uso. "Nilitolewa maji ya mgongo mwezi wa pili. Namba yangu ninayo mfukoni, maana sitegemei tena kichwa. Ninaumwa ugonjwa ninaoutafiti. Nimeumwa mbele ya hawa wote, na ni wataalamu wazuri, mimi ndiye niliyewaajiri."

Katika safu zetu kila mtu alipata kitu cha kuangalia sakafuni. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alifunga daftari lake.

Profesa akafungua mdomo aendelee, akasita. Niliona macho yake yanatafuta. Naibu akapiga hatua kumsogelea, mkono umenyooka kuelekea kiti.

"Nilikuwa nasema nini?" Profesa akauliza.

"Ulikuwa unasema huyo ni wewe," nikamjibu kutoka nilipokaa.

"Ndiyo. Asante, Mama Barafu."

Basi akawaeleza. Robo saa nzima, bila karatasi, alizungumza juu ya nakala na alama, walinzi na king'ora, na kwa nini bado hatujui kipi kinatangulia kingine. Alisema tukipata dawa ya kuwatuliza walinzi, huenda tukawatuliza hata siku adui wa kweli anapoingia, kwa hiyo tusikimbilie. Alisema kitone chake kiondolewe kwenye slaidi ya kwanza, maana sampuli moja inayong'aa ni uvumi tu. Nimemsikia miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumsikia akieleza vizuri hivyo. Alipomaliza, wageni walisimama wakapiga makofi. Naibu naye alipiga, tena kwa nguvu, akitikisa kichwa kama mwalimu wa kwaya.

Makofi yalipotulia, Profesa akasafisha koo. "RNA ni nakala," akasema. "Kitabu kikuu kimefungiwa ndani ya kiini cha seli..."

Akaenda hivyo sentensi nne, tano. Watu ukumbini hawana hata pa kuweka mikono. Naibu aliinua viganja tayari kupiga makofi ya kumkatiza. Mkewe akapanda jukwaani taratibu, akamshika kiwiko.

"Nimekwisha kulisema hili?" Profesa akamuuliza.

"Umekwisha kulisema."

"Lilikuwa sawa?"

"Lilikuwa sawa. Twende tukanywe chai."

Wakatoka kwa mlango wa pembeni, yeye akiwapungia wageni.

Sasa utasema hapo wale watu sitini waliona haya. Wengine waliona, kwa siku mbili hivi. Siku ya tatu nilimkuta daktari mmoja wa kumbukumbu anaeleza pale mapokezi kwamba yeye alishuku tangu mwaka jana, ila miiko ya kazi ilimziba mdomo. Ilipofika Ijumaa hakukuwa na mtu katika jengo zima ambaye hakuwa ameshuku. Mtaalamu wa takwimu alisema alicheka mara ya pili kwa makusudi, ili aone Profesa atafanya nini. Sisi tuliosomea kusahau hatukumudu kukumbuka tulivyokuwa wiki moja nyuma.

Wageni wakaandika ripoti yao. Waliisifu taasisi kwa "utamaduni wa uwazi usio wa kawaida," tukabaki kituo kikuu, na Naibu akawa Mkurugenzi. Katika hotuba yake ya kwanza alisema alijifunza ujasiri miguuni pa Profesa. Bango lilichapwa upya likiwa na picha yake, amekunja mikono vilevile. Kitone cha arobaini na moja kiliondolewa, si kwa hiari ya Mkurugenzi mpya, bali kwa sababu Mwalimu aliandika barua mbili na kuahidi ya tatu ataipeleka kwa wageni. Mstari wa matokeo unaopita kati ya vitone vilivyobaki ulishuka kidogo, lakini bado ulionekana. Picha ile haipendezi tena kama zamani. Inaaminika zaidi.

Nami nilibaki na mafriji yangu. Kila Jumanne, saa nne asubuhi, Mwalimu humleta Profesa mpaka mlango wa chini, kisha yeye huenda sokoni. Mkurugenzi mpya aliniandikia kwamba wageni wasio na kazi hawaruhusiwi maabara. Nikamjibu kwa maandishi kwamba Profesa anaandika lebo za vichupa, na mwandiko wake ni bora kuliko wa watafiti wote kumi na watatu wa ghorofa ya pili. Hajanijibu. Nadhani anasubiri nisahau.

Na kweli anaandika lebo. Ukimpa orodha anainakili bila kosa, pole pole, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Ameshatia saini kutoa ubongo wake. Siku alipotia saini aliniuliza nani atakayeukata.

"Mimi," nikamwambia.

"Usikate vipande vinene. Una tabia hiyo."

"Sina tabia hiyo, Profesa."

"Unayo. Niliivumilia miaka yote."

Tukabishana mpaka Mwalimu aliporudi na kikapu chake. Jumanne iliyopita hakunijua kabisa. Aliingia akanisalimu kwa adabu, akaniita binti, akauliza hapa panafanywa kazi gani. Nikapindua ndoo nikampa aikalie, nami nikachuchumaa mbele yake, nikamweleza: nakala, alama, walinzi, king'ora. Alisikiliza kwa makini sana, akinikatiza mara moja tu ili kuuliza tumepima watu wangapi. Nilipomtajia, akakunja uso.

"Wachache," akasema. "Ongezeni."

Nikamwambia tutaongeza. Akaomba kalamu.